Herufi Yenye Mguu

Wasichana wangu wa mezani, nimestaafu mwezi uliopita, sijafa. Nalisema hili mapema kwa sababu naambiwa watu wanapita dukani wakiniulizia kwa sauti ya chini, kama wanaotoa pole. Niko nyumbani kwangu Mtanda, nakunywa chai yangu nikiwa nimekaa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya siku ya kazi. Na masikio yangu bado mazima. Yamesikia kwamba huko mjini mnalisimulia bango langu la mwisho, lile la Mama Theresia wa Rondo, na mnasema Bi Somoe alizeeka mpaka akasahau R. Zuhura, wewe ndiye ulilipiga picha likiwa bado kwenye kamba linakauka, ukaliweka kwenye status na vile vikatuni vya kucheka machozi. Haya, kaeni chini. Jina langu kwenye meza ile nimelijenga kwa mkasi, na sitakubali liharibiwe na simu. Sikusahau R. Lindi nzima hakuna anayeijua R kuliko mimi, na ili mwelewe lazima nianze mbali kidogo.

Mimi ni Mmwera wa Rutamba. Kwetu R haina kazi. Tunasema kalibu, halusi, balabala, na wageni wanaingia, ndoa zinafungwa na magari yanapita kama kwa watu wengine. Mpaka leo nikifungua mdomo inatoka L, na nyinyi ni mashahidi, maana mmeniiga vya kutosha nikiwa nimewapa mgongo. Hapa mnaisoma R kwa sababu ninaandika, na kuandika ni kazi ya mkono. Mkono wangu na mdomo wangu vilisoma shule mbili tofauti.

Lindi mjini nililetwa na ndoa. Dukani kwa Bwana Akbari nilijipeleka mwenyewe. Marehemu Bwana Akbari asili yake ni ng'ambo huko Bara Hindi, lakini babu yake alizaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha watu wa redio. Mbele aliuza madaftari, fulskepu, wino na kalamu. Nyuma, uani, ndipo ilipokuwa meza yetu, na kina mama waliokuwa wakitengeneza mapambo ya karatasi ya sikukuu: Ramadhani, Idi, Maulidi, Krismasi, mwaka mpya. Watu huyaita majina mengi. Sisi mezani tuliyaita bango, hata kama ni karatasi zilizoning'inizwa kwenye uzi tu. Mtu ambaye hakuweza kupaka chokaa nyumba yake kwa ajili ya Idi aliweza kununua bango. Akilitundika juu ya mlango wa sebule, wageni wanatazama bango na ufa wa ukutani wanausahau. Ndiyo kazi tuliyoifanya, na msiidharau.

Siku ya kwanza Bwana Akbari alinipa chaki na ubao mdogo wa mwanafunzi, akasema niandike HERI YA IDI, aone mwandiko. Nikaandika kwa madaha, nikamgeuzia. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Heli?" akasema. "Idi hii tunatuliwa na helikopta?"

Duka zima likaangua kicheko. Kulikuwa na bwana mmoja amekuja kununua bahasha, alicheka mpaka akajishika kaunta. Uso uliniwaka, jamani, na machozi niliyazuia kwa kumtazama yule bwana viatu vyake. Bwana Akbari hakuwa mtu mbaya. Alisubiri wacheke wamalize, kisha akanieleza kanuni ya duka, ambayo nyinyi mmeikuta na mnaijua kwa moyo. "Hapa herufi mbovu haitoki. Ikitoka, haitundikwi mlangoni kwa mteja. Inatundikwa shingoni kwangu." Akaniajiri hivyo hivyo, ila herufi akanikataza. Nikapelekwa kwenye vibendera.

Vyeo na mishahara sitavizungumzia. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua.

Aliyekuwa mkubwa wa meza ni Bi Tausi, mama wa Kilwa Kivinje, mwembamba, maneno yake machache na mkasi wake mkubwa wa fundi cherehani. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba karatasi ina upande wa kukunjika na upande wa kukataa, kama ubao, na usipoujua mkunjo wako utapasuka siku ya tatu. Alinifundisha gundi. Gundi ya dukani inaacha madoa kwenye karatasi nyembamba. Sisi tulipika uji mwepesi wa unga wa muhogo, tukauchuja kwa kipande cha kanga kuukuu, tukatia maji ya majani ya mwarobaini, la sivyo mende wanaila Idi yako kabla mwezi haujaandama. Alinifundisha vijiti. Nyuma ya kila herufi, kwa juu, unabandika kijiti cha chelewa kilichochomolewa kwenye ufagio mpya, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu, na herufi isiyo na kijiti inainamisha kichwa kama mtu aliyepokea habari mbaya. Bwana Akbari hakuwahi kujua kwa nini fagio za duka lake zinakonda.

Lakini mimi nilizitaka herufi. Nilikuwa nakata vibendera na jicho liko upande wa pili wa meza. Bi Tausi aliniona, akaniacha nitamani mpaka tamaa ikaiva. Siku moja duka limefungwa kwa mapumziko ya adhuhuri, akanivutia kiti.

Somo alilonipa siku hiyo nawapa tena, kwa sababu siku hizi mnachapa kwenye kompyuta kwanza halafu mnafuatisha, na kompyuta ikizimika mnakaa mnatazamana. Kuna herufi tiifu na herufi kaidi. A, H, I, M, O, T, U, V, W, Y, hizo unakunja karatasi kwa urefu, unakata nusu tu, unafungua, na nusu ya pili imejikata yenyewe. B, C, D, E, K unakunja kwa upana, vivyo hivyo. Hizo ni tiifu. Zilizobaki, F, G, J, L, N, P, R, S, Z, ni kaidi, hazikubali mkunjo wowote, lazima uzikate nzima kwa jicho na mkono. Ndiyo maana IDI inakatika upesi mpaka unajisifu, halafu NJEMA inakuja na N yake na J yake kukushusha kiburi.

"Na hii," Bi Tausi akasema, akaandika R kwenye gazeti, "ndiyo iliyokutia aibu."

Nikamwambia siisikii tofauti. Wakisema R na wakisema L, mimi nasikia kitu kimoja.

"Nani amekwambia uisikilize? Itazame. Hii ni P aliyechoka kusimama kwa mguu mmoja, akatoa wa pili mbele. Yenye mguu ni R. Basi. Neno lolote la duka hili, kariri lina miguu mingapi, lina miguu wapi. Masikio yaache nyumbani."

Wallahi, nilikata R mpaka vidole vikaota sugu. Nilikata magazeti, nikakata mifuko ya saruji, nikakata makaratasi ya sabuni. Wauza karanga walikuja kuzichukua wakafungia karanga, na kwa muda mrefu hapa mjini ulikuwa ukimaliza karanga zako unakuta R yangu mkononi. Nikakariri. RAMADHANI mguu uko mwanzo. HERI mguu uko wa tatu. KARIBU mguu uko katikati, baada ya A. Mdomo wangu uliendelea na mambo yake, mkono ukajua.

Ruhusa ilikuja mkesha wa mfungo, mteja ametoka Mchinga anataka HERI YA RAMADHANI ya mlango wa mbele, meza imejaa kazi. Bi Tausi akanisukumia mkasi wake. Bwana Akbari akatokeza uani, akaona, akashika kiuno.

"Tausi, huyu?"

"Huyu."

"Huyu anasema Lamadhani!"

"Mdomo wake ni wake, Bwana. Mkono wake ni wa duka."

Bwana Akbari akavuta kigoda akakaa pale pale, ananitolea macho nikikata. Kijasho kilinitoka mpaka mgongoni. Nilipomaliza alizishika moja moja, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha mezani, akaenda zake mbele kuuza madaftari. Huo ndio ulikuwa ubatizo wangu, kama Wakristo wanavyosema. Wiki ile ile nilitafuta sababu ya kwenda Mchinga. Nikapita mbele ya ile nyumba, nikarudi, nikapita tena, najifanya natafuta mtu. Ilikuwa pale juu ya mlango, miguu yote miwili mahali pake. Hakuna aliyejua ni yangu. Nilijua mimi, na ilinisahaulisha njaa ya mchana mzima wa mfungo.

Mwaka ambao Idi na Krismasi zilikaribiana mpaka zikagusana visigino, wazee wa meza wanaukumbuka. Mvua zilikata barabara ya Dar, gari la karatasi za rangi likakwama huko njiani, na wateja wamejaa hadi nje: huyu Idi, huyu Krismasi, na kutoka milimani zinakuja familia zenye zote mbili ndani ya nyumba moja. Karatasi za rangi zikaisha kabisa. Bi Tausi alikuwa anakunja kanga yake aende nyumbani kwa kukata tamaa. Mimi nikakumbuka bibi yangu Rutamba alivyokuwa akichemsha rangi ya ukili kwa ajili ya mikeka. Tukanunua rangi hizo sokoni, nyekundu, kijani, ile ya zambarau, tukazichemsha kwenye sufuria, tukachovya fulskepu moja moja upesi upesi, tukazianika kwenye kamba uani. Zilitoka na mawimbi na mabaka, hakuna mbili zilizofanana. Watu wakazipenda kuliko za dukani! Mwaka uliofuata walikuja kuuliza "zile zenye mabaka", na karatasi nzuri za kutoka Dar zikakaa zinavuta vumbi. Hiyo rangi ya ukili mnayoitumia mpaka leo, mkiulizwa imetoka wapi, msione haya kunitaja.

Macho ya Bi Tausi yalipofifia akarudi kwao Kivinje, na mkasi akaniachia mimi. Bwana Akbari naye akatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na duka likashikwa na mwanawe, Bwana Mdogo, ambaye ana mvi sasa lakini jina limemganda. Yakaja mabango ya nailoni yanayometameta, yameshachapwa tayari, na kila mtu akasema meza ya Bi Somoe basi tena. Nikasema sawa, tuone. Bango la nailoni haliwezi kuandika jina la mjukuu wa mtu. Halijui kwamba mlango wa nyumba hii ni mwembamba au kwamba mama wa nyumba hii hapendi kijani. Wateja wakaenda, wakarudi. Katika muda wote huo wa kwangu, herufi mbovu haikutoka uani. Nalisema bila kumumunya.

Sasa tumefika kwa Felista.

Alikuja kuelekea Krismasi iliyopita, nyote mlikuwepo. Mwanamke wa makamo, vumbi jekundu la Rondo kwenye viatu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akasema anataka bango la neno moja, herufi kubwa za kuonekana kutoka kitandani, na nyota za Krismasi pembeni. Akaliandika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. KALIBU.

Zuhura, ulicheka. Ukamwambia, "Dada, hapo katikati kuna R."

"Najua kuna R," Felista akakujibu, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nimemaliza kidato cha nne. Mama yangu ndiye anayesema L."

Hapo nyinyi mlirudi kwenye simu zenu. Yaliyofuata hamkuyasikia, na ndiyo sababu mnasimulia nusu. Mama yake, Theresia, kiharusi kilikuwa kimempiga baada ya mavuno ya korosho. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Tangu atoke hospitali alibakiwa na neno moja: bado. Mama, umeshiba? Bado. Mama, huyu nani? Bado. Kaka yake Felista, mkubwa wa nyumba, alishasema wazi kwamba akili imekwenda, aachwe apumzike, na walikuwa wameanza kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Felista peke yake ndiye aliyekataa. Muuguzi alimwambia wamwekee mama neno alilolizoea mahali anapoliona, wamsomee, wamsubiri. Na neno la mama huyu lilikuwa moja. Nyumba yao iko njiani, na maisha yake yote hakupita mtu hapo bila kuitwa: kalibu! Hata asiyemjua, hata mwenye haraka zake.

"Alisoma kisomo cha ngumbaru, ukubwani, kwenye ghala la ushirika," Felista akaniambia. "Anasoma kama anavyosema. Nikimwekea R atagota pale pale, Mama Somoe, na kaka atasema si niliwaambia. Sitaki agote. Nataka aseme neno moja mbele yao, wajue yumo."

Niliweka mkasi chini. Mngeuona moyo wangu siku ile! Miaka yote nimeilinda meza, zimebaki siku za kuhesabu nistaafu, na huyu ananiomba nitoe herufi mbovu kwa mkono wangu mwenyewe. Bwana Mdogo alikuwa mlangoni amesikia, akatikisa kichwa kwamba hapana. Nikamwambia, "Hili litatoka, na mimi nitatoka nalo. Nitakwenda kulitundika mwenyewe." Akanitazama, akaona sitanii, akaondoka. Nikakata K, nikakata A, nikakata ile L. Nyekundu, manila nzito, vijiti viwili kila moja. Nikalianika kwenye kamba, nikaenda kuswali, na Zuhura ukapiga picha yako.

Tulipanda Rondo na Felista kwa gari la Noah, huko juu tukamalizia kwa bodaboda kwenye matope, bango kifuani mwangu ndani ya kanga. Sebuleni walikuwa wamejaa, watoto wameshakuja kwa ajili ya sikukuu, na mama yao kitandani karibu na dirisha, ameegeshwa kwenye mito, macho makavu. Nikamwamkia. "Bado," akaniambia. Kaka mtu akanisalimia kwa adabu, kisha akamnong'oneza Felista, kwa sauti ambayo hata kuku wa nje walisikia, kwamba tunajisumbua bure.

Nikapanda kwenye meza, nikafunga uzi juu ya mlango unaotazamana na kitanda, nikazisawazisha herufi, nikashuka. Felista akapiga magoti kando ya mama yake.

"Mama, tazama. Soma. Ka..."

Mama Theresia alitazama. Alitazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Midomo ikacheza. "Ka," akasema. Felista akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu. "Ka. Li." Halafu mama akakomea hapo. Uso ukakunjamana, mkono wa kushoto ukainuka, ukapiga godoro.

"Siyo!"

Lile lilikuwa neno jipya.

"Siyo kalibu," akasema, ulimi mzito, kila neno analivuta kama gunia. "Kalibu!"

"Ndiyo, Mama," Felista akasema, machozi yameshaanza. "Ndivyo ilivyoandikwa. Kalibu."

"Siyo! Kalibu!"

Kaka mtu akashusha pumzi. "Mnaona wenyewe," akasema. "Akili."

Mimi nywele zilinisimama. Nyumba nzima ilikuwa ikisikia neno moja likirudiwa, na mimi pia nilisikia neno moja, lakini mimi nimeishi ndani ya neno lile. Niliijua ghadhabu ile. Ni ghadhabu ya mtu ambaye macho yake yanajua na mdomo unamsaliti. Nikasogea mpaka kitandani.

"Mama," nikamwambia, "unataka ile yenye mguu?"

Akanigeukia. Macho yale makavu yakanikazia.

"Yenye mguu," akasema. Kisha kidole cha kushoto kikaichora juu ya kanga yake, taratibu: fimbo, tumbo, mguu mbele. Walimu wa ngumbaru walimfundisha R akaishika barabara, na kwa miaka yote watoto wake walidhani haijui kwa sababu hawakuwahi kuisikia ikitoka mdomoni mwake.

Mkasi ninao mkobani siku zote, na kipande cha manila nyekundu kilikuwa kimebaki, ndicho nilichofungia nyota. Sikuomba kalamu. Sikuomba rula. Nilisimama katikati ya sebule ile, mbele ya watu wote, nikaikata R kwa mkupuo mmoja, herufi kaidi kuliko zote, tumbo la duara na mguu umetoka mahali pake, na Mama Theresia hakupepesa jicho mpaka nilipomaliza. Nimekata nyingi maishani, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nikapanda tena mezani, nikaing'oa L, nikaitia mfukoni, nikaifunga R kwenye uzi.

"Ka," akasema. "Li. Bu." Akatikisa kichwa. "Haya."

Niliona fahari, wasichana, mpaka kifua kikaniuma. Felista alikuwa amejishika kwenye mwimo wa mlango, analia na kucheka kwa pamoja, wadogo zake wanaulizana amesema nini, amesema nini. Kaka mtu alisimama tu, mikono haijui iende wapi. Basi ndiyo hiyo habari ya R yangu, na Zuhura, picha ya bango lile lilivyo sasa anayo Felista, mwombe akutumie uiweke hiyo.

Mama Theresia alingoja kelele zipungue. Akamtazama mwanawe aliyekuwa analia, akanitazama mimi nimesimama na mkasi wangu. Alikusanya maneno moja moja, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Unalia nini," akasema. "Mmetundika kalibu. Mgeni amesimama. Mpe kiti."

Kaka mtu mwenyewe ndiye aliyekimbia kukileta.